Hawa jamaa wa kisanduku cha kutafutia wamenivua nguo mbele ya mama mkwe, leo naomba niongee

mkorosho_dume:
Wakuu habari za usiku, mliolala laleni, mimi leo silali.

Jina silitaji. Mnawajua. Ndo hao hao wenye herufi za rangi rangi kama peremende za duka la Mangi, ukinunua simu mpya unawakuta wameshakaa ndani wanakunywa chai, hujawakaribisha na kuwatoa huwezi. Sa leo wamenifanyia kitu ambacho hata mchawi wa kukodi kutoka bara angeomba kwanza ruhusa.

Mama mkwe kaingia jana kutoka Newala. Kaja na ming'oko, kaja na korosho kabangua kwa mikono yake, kaja na heshima zake zote. Leo tumekula tumeshiba tumekaa sebuleni, mimi, wife, mama, mashemeji wawili na baba mwenye nyumba ambaye mpaka sasa sijui alifuata nini. Mama akaniambia baba, mikorosho yangu imeshikwa na ubwiri unga, maua meupe kama yamemwagiwa majivu, hebu niangalizie humo kwenye simu yako mwaka huu watu wanapuliza nini maana kule kila mtu anasema lake. Mi nikaona hapa hapa ndo pa kumwonyesha mama kwamba binti yake hakupotea njia. Na kwa vile macho yake maandishi madogo hayashiki, nikasema subiri mama, nikairusha simu kwenye TV. Inchi 43. Ningekuwa na ya inchi 14 leo ningekuwa na amani.

Nikaandika "dawa ya ku". Nilikuwa naenda zangu kwenye kupulizia mikorosho. Sijafika hata kwenye P! Wakuu, SIJAFIKA KWENYE P, jamaa wakashusha orodha yao pale chini, na ya kwanza kabisa, juu ya zote, imeanza na "dawa ya kurefusha". Neno lililofuata siliandiki hapa mods wasije wakanifungia, wanaume mnalijua.

Sasa mama yangu mkwe kasoma ngumbaru. Na mtu wa ngumbaru hasomi kimoyomoyo, anasoma kwa sauti. Da. Wa. Ya. Ku. Re. Fu. Sha. Akapumzika. Akanigeukia taratiiibu, akauliza kwa upole kabisa, kurefusha nini, baba?

KUREFUSHA NINI, BABA.

Umeme wa Mtwara huu huu ambao mtu akipiga chafya Magomeni unakatika, leo ukatulia. Baba mwenye nyumba akaanza kukohoa. Wife kaangalia sakafu. Mi natafuta kitufe cha kufuta, kidole kinatetemeka, badala ya kufuta nimebonyeza ile sentensi, ikafunguka. NA PICHA.

Sa naomba mtu aniambie, nani aliwatuma wanimalizie sentensi yangu? Hata mke wangu ananiacha nimalize. Inchi 43 wakuu.

siti_ya_mbele:
Nimekaa. Mwenye bisi apitishe.

kitumbua_cha_mikindani:
Kurefusha nini, baba? hahahahaha nimeamsha watoto

fundi_simu_chuno:
Pole mkuu. Ila swali la kifundi tu, pale pembeni ya hiyo sentensi kulikuwa na alama gani, ya lenzi au ya saa?

mkorosho_dume:
Mtu kafiwa we unamuuliza jeneza lina rangi gani. Inahusiana nini?

fundi_simu_chuno:
Inahusiana sana. Lenzi maana yake watu wengi wanatafuta hivyo, jamaa wanakukisia. Saa maana yake WEWE ulishaitafuta, wanakukumbusha tu ulipoishia.

siti_ya_mbele:
Mkorosho dume jibu swali, saa au lenzi

binti_wa_masasi:
Kanyamaza. Ilikuwa saa.

kitumbua_cha_mikindani:
Saa hiyo ilikuwa ya ukutani kabisa, inapiga na kengele

mkorosho_dume:
Haya ilikuwa saa, mmefurahi? Sasa nisikilizeni maana hapa ndo uchafu wao ulipo. Mi nina steshenari, ina kompyuta mbili za wateja. Siku ya kwanza kile kivinjari chao kiliniambia ingia kwa akaunti yako, nikaingia, basi tangu hapo kila mteja akitafuta kitu dukani kinanifuata mpaka mfukoni. Wanafunzi wanatafuta, walimu wanatafuta, kuna mzee mmoja kila Ijumaa anakuja kulipia dakika kumi anageuza skrini ukutani, mi nafikiri anaangalia matangazo ya kazi! Yani siri za mtaa mzima zimeandikwa jina langu. Naenda kumweleza hivyo mama mkwe? Mama, kuna akaunti, akaunti inaoanisha, mara kivinjari... Ye swali lake ni moja tu. Kurefusha nini baba.

siti_ya_mbele:
Mzee wa Ijumaa kabebeshwa zigo saa hii kalala kwake hana habari

babu_wa_kebo:
Vijana mnacheka ila hamjui hii kitu ilianzia wapi. Hawa 1998 walikuwa vijana wawili kwenye gereji ya kupanga kule California, kazi yao moja tu, unauliza wanakuonyesha njia unaondoka. 2008 wakatoa kivinjari chao, kisanduku cha anuani na cha kutafutia wakakifanya kimoja. Hapo ndo mlipopigwa, kwa sababu zamani ukiandika anuani hakuna anayejua unaenda wapi mpaka ufike, sasa kila herufi unayobonyeza inawafikia hao hao ili wakisie. September 2010 wakaongeza utafutaji wa papo hapo, hata bonyeza hujabonyeza, herufi moja majibu yote yanajaa kioo, ya pili yanabadilika, kama kuongea na mtu mwenye pupa. Wakajisifu kwamba mtu anaokoa sekunde 2 mpaka 5 kila anapotafuta. 2017 wakakitoa wenyewe, watu wengi walishahamia kwenye simu. Yakabaki haya makisio ya chini yaliyomkuta mwenzetu.

mkorosho_dume:
Sekunde 5!! Wameniokolea sekunde 5 mimi nimepoteza mama mkwe. Naenda kuzifanyia nini sekunde 5 hizo, nichemshie ming'oko?

lindi_kwanza:
Babu na lekcha saa sita usiku. Kuna mtihani kesho?

binti_wa_masasi:
Mwacheni babu, hajafika kwangu bado. Mkorosho wewe umeaibika mbele ya watu watano. Mimi 2010 mwanzoni niko chuo, barua pepe yangu ya hao hao, naamka asubuhi nakuta wameniwekea mtandao wa kijamii ndani ya barua pepe. Sikuomba. Na wakachukua watu ninaoandikiana nao sana wakanifanya nawafuata, halafu orodha ikaonekana na wengine!! Sasa mtu niliyekuwa naandikiana naye sana alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa wa pili, mnanielewa. Wakaonana. Wakapeana salamu. Marekani mpaka serikali iliwaingilia kwa hicho kitu na wakakifunga mwaka uliofuata, ila mchumba wangu hawakunirudishia.

kitumbua_cha_mikindani:
Wa kwanza alikuwa wa kwanza na wa pili alikuwa wa pili. Dada huo ni msimamo wa ligi sio mapenzi

babu_wa_kebo:
Na hawakukoma. 2011 wakaja na mtandao mwingine mkubwa wa kupambana na yule wa rangi ya bluu, watu unawapanga kwenye miduara, ndugu huku, wa kazini kule. 2013 wakalazimisha hata kutoa maoni kwenye video lazima uwe nao. Watu wakachukia, hawakwenda, April 2019 wakaufunga na picha zilizokuwa humo wakaanza kuzifuta.

dereva_wa_nangurukuru:
Mi nilikuwa humo. Tulikuwa wawili, mimi na wao wenyewe.

mkorosho_dume:
Wakuu mnatoka nje ya mada. Mada ni inchi 43. Mama sasa hivi kahamia chumba cha watoto, wife kaenda kulala naye, nawasikia wananong'ona halafu kimya halafu mtu anacheka. Ni nani anacheka? Kama ni wife ntaelewa, kama ni mama sijui nifanyeje na uso wangu asubuhi. Shikamoo yenyewe ntaitoa nimeangalia wapi?

siti_ya_mbele:
Shikamoo mama. Marahaba, umerefuka?

mkorosho_dume:
We jamaa Mungu anakuona.

lindi_kwanza:
Tuseme ukweli, huku Lindi hayo hayatokei, sisi wakwe hatuwapeleki kwenye TV. Mtwara kuchele mnapenda sifa. Mama kaomba dawa ya mikorosho, si ungemwambia tu nenda kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele kaulize wataalamu, wapo hapo hapo mlangoni kwenu.

chikongola_hasikii:
Lindi na nyie mna TV? Nilijua bado mnaangalia bahari

lindi_kwanza:
Tunaangalia bahari na TV kwa pamoja, wewe unaangalia bando lako linavyokata.

chikongola_hasikii:
Umenigusa pabaya. BANDO. Nani alisema tatizo ni kisanduku cha kutafutia? Mi jana nimeweka GB moja, nimefungua kitu kimoja, nimeenda kuoga, narudi ujumbe umeingia, mpendwa mteja umetumia asilimia 75. Nimetumia na nani? Nilikuwa bafuni! Nikipiga huduma kwa wateja nasikilizishwa muziki mpaka na salio nalo linatamani kuimba.

dereva_wa_nangurukuru:
Umesahau mwezi wa tano 2024 kebo za baharini zilivyokatika. Siku zile bando lilikuwa haliishi maana hata kufungua ukurasa ilikuwa shida. Ndo mara ya mwisho kuliona likimaliza wiki

babu_wa_kebo:
EASSy na Seacom, tarehe 12. Zote mbili siku moja.

lindi_kwanza:
Babu unalala saa ngapi

mteja_wa_bima:
Ngoja kwanza. Mkorosho dume, steshenari yako ni ile yenye kompyuta mbili na feni iliyovunjika panga moja? Mi nachapisha hapo kila wiki. Kwa hiyo unataka kuniambia kila ninachotafuta hapo unakisoma kwenye simu yako??

mkorosho_dume:
Sisomi mkuu. Kinakuja chenyewe.

mteja_wa_bima:
Kinakuja chenyewe! Nimetafuta hapo barua ya kuacha kazi, nimetafuta viwanja, nimetafuta mambo ya mirathi ya kwetu. Halafu unalalamika umeaibishwa? Kesho nakuja ufute mbele yangu.

fundi_simu_chuno:
Mkuu ni rahisi. Hapo dukani toa akaunti yako, wateja watumie dirisha la mgeni. Kwenye simu ingia shughuli zako, futa historia, zima kuhifadhi. Dakika tatu. Ungenipigia kabla ya kuoa kwenye familia ya wakulima yasingekukuta.

binti_wa_masasi:
Na mzee wa Ijumaa atafutiwe kompyuta yake jamani, anateseka

mwana_kitangari:
Samahani nimefika hapa kwa ajili ya ubwiri unga. Huyo mama wa Newala asicheleweshe, kama maua yameshakuwa meupe kachelewa tayari. Salfa ya unga apulize alfajiri kabla upepo haujaamka na umande uko bado, arudie baada ya wiki mbili hivi. Mchana ukipuliza unapulizia jirani.

chikongola_hasikii:
Salfa ya unga sio siku hizi, dawa ya maji ndo inashika. Unga upepo ukija nusu inaenda Msumbiji.

mwana_kitangari:
Ya maji unayatoa wapi maji juu ya uwanda huku? Nyie wa mjini mna bomba mnaongea tu. Ndoo ya maji huku tunaihesabu, we unataka niikoroge dawa nimnyweshe mkorosho.

dereva_wa_nangurukuru:
Hapo kaongea. Ila na ya unga siku hizi ukinunua vichochoroni unapuliza chokaa, mkorosho unabaki mweupe mara mbili.

mwana_kitangari:
Nunueni kwenye chama cha ushirika, acheni vya njiani. Na bloa, ile mashine ya kupulizia, mkague kabla, mwaka jana nilikodi moja inakohoa kuliko mimi.

mkorosho_dume:
Mwana Kitangari, mama yuko macho, nimemsomea ulichoandika kupitia mlangoni, sijamwangalia. Anasema mikorosho yake ni ya zamani mirefu, hiyo bloa itafika juu? Na huyo mwenye kukodisha anakwenda mpaka Newala au tumfuate?

mwana_kitangari:
Anakwenda, mafuta ni yenu. Njoo inbox.

lindi_kwanza:
Bei ya mafuta nayo tuifungulie uzi wake