Tupeane uzoefu: kuchangia msimbo kupitia foki mpaka ukapokelewa

Wakuu, habari za humu. Wapo vijana wengi wanaojua programu vizuri ila wanaogopa kupeleka kazi yao kwenye miradi ya wazi, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi ya programu) unaonekana na kila mtu. Mliowahi kupokelewa, simulieni.

Naanza mimi. Nachangia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mgeni hana ruhusa ya kuandika kwenye mradi mama, kwa hiyo unatengeneza foki: nakala yako mwenyewe ya mradi mzima, ndani ya akaunti yako ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Humo jaribu utakavyo, huharibu kazi ya mtu. Kabla ya kugusa msimbo nachukua tiketi kwanza, yaani taarifa ya hitilafu yenye namba yake, ili tusihangaike watu wawili na hitilafu moja. Namba ya tiketi ndiyo inayotangulia kwenye maelezo ya badiliko. Msimamizi akiiona tu, anajua unatibu nini.

Mdau wa pili
Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nipo upande wa kukagua, kwenye mradi mdogo. Kinachotuchosha zaidi ni mtu kufanyia kila kitu kwenye tawi kuu la foki yake (tawi ni mkondo wa mabadiliko ndani ya mradi). Amefungua ombi la kuunganisha, yaani la kutaka kazi yake iingizwe kwenye mradi mama, tunalijadili, naye huku anaendelea na jambo jingine palepale. Sasa kila anachosukuma kwenye tawi hilo kinaingia kwenye ombi lililo wazi! Nimekuja kukagua hitilafu ya tarehe, nakuta na ukurasa mpya wa kuingilia. Kazi yenyewe nzuri, lakini siwezi kupokea nusu yake. Jamani, tawi ni bure. Kila jambo lipewe lake. Na ile alama ya kuturuhusu wasimamizi kuhariri tawi lako, iacheni iwepo. Kosa dogo la tahajia nitalirekebisha mwenyewe badala ya kukusubirisha.

Mdau wa tatu
Nyongeza kwa wageni: majaribio ya msimbo yakipita kwenye kompyuta yako kisha yakafeli kwenye mradi mama, soma ujumbe wa kosa kabla ya kukata tamaa. Mimi msimbo ulikuwa sawa kabisa. Jaribio lilihitaji nywila ya huduma ya nje, na GitHub Actions, huduma ya GitHub inayoendesha majaribio yenyewe, kwa kawaida haitoi siri za mradi (kama nywila) kwa ombi linalotoka kwenye foki. Wana haki, maana yeyote angeweza kuandika msimbo wa kuziiba. Nilieleza hivyo kwenye ombi, msimamizi akayaendesha upande wake, likapita.

Mdau wa nne
Foki haijisasishi yenyewe. Kila kabla ya kufungua tawi jipya navuta mabadiliko ya mradi mama, na migongano kati ya msimbo wangu na wao imepungua mno.

Kuna aliyepeleka kitu kwenye kiini cha Linux? Kule viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, hutumwa kwa barua pepe, na ningependa sana kusikia mnavyojipanga.