Data ya saratani Mombasa: niko na faili tatu za Excel, nianzie wapi?

Mdau wa Tudor
Salaam wakuu. Nimekusanya wagonjwa wa saratani wa 2021 hadi 2023 kutoka rejista za wodi, kliniki na maabara ya patholojia. Nataka kiwango cha wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000 Mombasa. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333. Nigawanye tu? Sehemu ya makazi iko tupu kwa wengi.

Karani Kisauni
Usigawanye bado, ndugu. Hospitali kubwa za Mombasa hupokea watu wa Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Ukiwagawa wote kwa wakazi wa Mombasa pekee, kiwango kitapanda na si kweli. Na mkazi wa Mombasa aliyetibiwa Nairobi hayumo kwenye faili zako kabisa.

Hata palipojazwa pana mtego. Mgonjwa wa Hola, Tana River, akifikia kwa shangaziye Likoni, hapa Mombasa, wakati wa matibabu, rejista huandikwa Likoni. Swali "unaishi wapi?" halitoshi. Fomu iulize: "Kabla ya kuugua ulikuwa ukiishi kaunti gani, lokesheni gani?" Wasiojulikana wape alama yao, 9 kwa mfano, usiwaache tupu. Kisanduku kitupu hakisemi kama mgonjwa hakuulizwa au karani alisahau.

Halafu wagonjwa wako ni wa miaka mitatu, kwa hiyo unagawa kwa jumla ya watu wa kila mwaka, kwa makadirio ya miaka hiyo. Gawa kwa jinsia na marika ya miaka mitano mitano, kisha usanifishe kwa umri, yaani ukokotoe kiwango kana kwamba mgawanyo wa umri ni mmoja kila mahali. Watu wetu wengi ni vijana. Ukilinganisha kiwango ghafi (kisichosanifishwa) na cha Uingereza utadanganyika.

Bi Patholojia
Kabla ya hayo yote, ondoa waliojirudia. Mgonjwa mmoja huwa Mwanaisha wodini, Mwana Aisha kliniki, na kwa maabara ni M. Aisha. Excel itawahesabu watu watatu. Linganisha jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu na mahali pa uvimbe. Vikilingana vitatu au zaidi, toa mafaili ya karatasi uyasome kwa macho. Usifute kwa kubofya tu. Na saratani mbili tofauti kwa mtu mmoja ni rekodi mbili halali.

Jambo linaloniuma zaidi ni "saratani ya kizazi". Karani akiandika hivyo hujui ni mlango wa kizazi (C53 kwenye msimbo wa kimataifa wa mahali pa saratani) au mwili wa kizazi (C54). Soma ripoti ya kipande cha nyama kilichopimwa maabara. Isipopatikana, weka C55 (kizazi, sehemu haijulikani), usikisie C53 kwa sababu ndiyo wengi. Ripoti ikisema 8077/2 (msimbo wa aina ya seli, na tarakimu baada ya mkwaju ni tabia ya uvimbe), hayo ni mabadiliko ambayo hayajapenya. Hayaingii kwenye hesabu ya saratani. Inayoingia ni tabia /3, yaani saratani iliyopenya.

Tia pia chanzo cha uthibitisho: 7 ni kipande cha uvimbe wenyewe, 5 ni seli, 1 ni uchunguzi wa daktari pekee, 0 ni cheti cha kifo tu. Vyeti vikizidi, ujue kuna wagonjwa waliokupita wakiwa hai.

Mdau wa Tudor
Shukran sana. Niendelee na Excel?

Karani Kisauni
Hapana. Ukipanga safu moja pekee, majina huhama na magonjwa hubaki. Tarehe 03/04 yaweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4, kwa hiyo andika 2021-04-03. CanReg5, programu ya rejista za saratani ya IARC (shirika la utafiti wa saratani la WHO), ni ya bure, hutafuta waliojirudia na kukataa mwanamume mwenye C53. Sehemu moja ya kumi ya fomu iingizwe mara mbili na watu wawili, kisha linganisha. Na majina yakae faili ya peke yake yenye nywila, mbali na ile ya uchambuzi; sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.