Kuteleza kwa ubao kwenye volkano ya Cerro Negro, Nikaragua

Swali: Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi ujao nitakuwa katika mji wa León, na ninatamani kupanda Cerro Negro, volkano ambayo ingali hai, kisha niteremke nikiteleza juu ya ubao. Je, mtu asiyewahi kufanya hivyo anaweza kushuka salama?

Jibu la 1: Inawezekana, ndugu yangu. Kilima hicho kilizuka mwaka 1850, kilele chake kiko mita 728 juu ya usawa wa bahari, na kililipuka mara ya mwisho mwaka 1999. Kupanda huchukua takriban saa nzima ukiwa umebeba ubao, ambao upepo wa kileleni huusukuma kama tanga, kwa hiyo ulaze ubavuni na uushike barabara. Nilipofukua changarawe nyeusi kwa vidole pale juu, joto la chini yake lilinifanya niuondoe mkono upesi. Unaposhuka, keti, egemea nyuma, vuta kamba ya ubao, na ukandamize visigino kila mwendo unapozidi.

Jibu la 2: Naomba niongeze jambo moja: usivue ovaroli wala miwani hata jua likiwaka, kwa kuwa changarawe zile huchuna ngozi vibaya. Mwaka 2002 Mfaransa Eric Barone aliteremka hapo kwa baiskeli kwa kasi ya kilomita 172 kwa saa, baiskeli ikavunjika, naye akaumia sana.

Mwuliza swali: Nawashukuru sana. Nitashuka polepole, visigino vikiwa chini.