Vitabu vya maarifa vya nyumbani: ensaiklopidia moja nene au vitabu vidogo vya mada moja moja?

Kurasa_Tatu: Wakuu, Jumamosi nanunua vitabu vya nyumbani. Sitaki riwaya wala ngano, nataka vya maarifa: sayansi, historia, wanyama, afya, visomwe na wakubwa na watoto. Bajeti inaruhusu ama ensaiklopidia moja nene ya picha, ama vitabu vyembamba kadhaa, kila kimoja na mada yake. Nichukue nini?

Mama Pacha: Watoto wana miaka mingapi? Wanasoma wenyewe au wanasomewa? Na hao wakubwa wanapenda nini? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee wa Rafu: Ensaiklopidia, usisite. Mtoto anafungua akitafuta nyangumi, njiani anakutana na nyota, anaishia kwenye umeme. Kitabu cha mada moja kinamrudisha pale pale alipokwisha kupapenda.

Kalamu Nyekundu: Mzee wangu, hapo napinga. Sisi tulinunua seti ya majuzuu, ya mtumba, muuzaji akatuapia kwamba maarifa hayaozi. Binti yangu akapewa kazi ya shule kuhusu mfumo wa jua, akanakili sayari tisa, ya mwisho Pluto. Akakatwa alama, maana tangu 2006 Pluto inahesabiwa kuwa sayari kibete. Siku ya pili akabeba juzuu lenyewe hadi darasani kumwonyesha mwalimu ushahidi, akarudi analia. Jioni nikaketi kulipekua. Ramani ya Afrika haina Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011. Dinosaria wote wana magamba, hakuna hata mmoja mwenye manyoya kama ya ndege, ingawa sasa inajulikana baadhi walikuwa nayo. Alama si kitu. Kilichoniuma ni mtoto kugoma kuamini kitabu chochote kwa muda mrefu. Vitabu vidogo, kimoja kikipitwa na wakati unabadilisha hicho tu.

Fundi Ramani: Tatizo hapo ni umri wa kitabu, unene hauna kosa. Mtoa mada, fungua ukurasa wa haki miliki uangalie mwaka wa toleo, si wa kuchapwa tu. Kitabu huchapwa upya leo na maandishi yakabaki ya miaka thelathini nyuma. Kisha geuza mwisho utafute faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa yalipo. Kitabu kinene kisicho nayo kiache hapo hapo. Na ramani ya dunia iangalie vizuri. Zile za mchora ramani Mercator, za tangu 1569, zinaikuza Greenland ilingane na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14 hivi.

Mzee wa Rafu: Mercator aliwachorea mabaharia. Kwenye ramani yake mstari ulionyooka unafuata mwelekeo mmoja wa dira. Walaumiwe walioitundika madarasani.

Fundi Ramani: Ndiyo hiyo hiyo imo kwenye vitabu vya watoto, mzee, na mtoto haendeshi merikebu.

Mama Pacha: Jamani, umri wa watoto bado hatujaambiwa.

Kurasa_Tatu: Miaka 5 na 11. Wakubwa ni mimi na mama yangu, anapenda mimea ya dawa na maisha ya watu mashuhuri.

Mama Pacha: Sasa tunaongea! Wa miaka 5 mtafutie picha kubwa na sentensi chache, juzuu zito hata kulinyanyua hawezi. Wa 11 nenda naye achague mwenyewe. Bibi yao kitabu cha mimea kiwe na picha halisi za majani pamoja na jina la kisayansi, kwa sababu jina moja la kienyeji hubeba hata mimea mitatu, na mmojawapo unaweza kuwa sumu.

Kalamu Nyekundu: Na maisha ya watu mchukulie wasifu ulioandikwa na mtu mwingine. Anayejiandika mwenyewe huruka mengi.

Mzee wa Rafu: Hapana! Aliyeyaishi ndiye anayejua aliogopa nini usiku ule. Mama asome vyote viwili vya mtu mmoja, apambanishe. Na ensaiklopidia bado naitetea, ila toleo jipya.

Fundi Ramani: Ukiishika, tupigie picha ukurasa wa ramani ya dunia kabla hujalipa.