Mshahara wa laki tisa, makato ya Bodi ya Mikopo na mitihani ya CPA: nianzie wapi?

MkaziWaKibamba

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kuuza vipuri jijini Dar es Salaam, nina umri wa miaka 27, na mshahara wangu wa msingi ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kinachoingia benki ni 594,500, kwa kuwa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) unachukua 90,000, kodi ya mapato (PAYE) 80,500, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu 135,000, yaani asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Sinywi pombe wala sibeti, lakini ikifika tarehe 18 huwa nimeishiwa na ninakopa kwa simu, kisha mshahara unaofuata unaanza kwa kulipa deni hilo.

Ninatamani kufanya mitihani ya CPA, yaani ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa, lakini kila muhula ada inanishinda. Ninakaa Kibamba, chumba na sebule kwa 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Ninatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala ya Kimara ili nipande basi la mwendokasi la Kivukoni, na ninarudi saa mbili usiku nikiwa sina nguvu ya kufungua kitabu. Wapo wanaonishauri nihamie mjini, na wapo wanaoniambia nilimalize kwanza deni la Bodi ya Mikopo ili makato yaishe. Ninaomba mawazo ya waliopita njia hii.

Mama Leja

Mdogo wangu, nianze na deni la Bodi ya Mikopo kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni lako halikui kila mwaka kama lilivyokuwa likikua zamani. Ukipeleka shilingi 50,000 za ziada huko leo, hakuna riba unayoiokoa. Unawahisha tu fedha ambayo ingekatwa baadaye. Deni linalokula fedha yako kila mwezi ni la simu, na hilo ndilo la kumaliza kwanza. Pitia ujumbe wa miezi mitatu iliyopita, jumlisha ada na riba zote ulizolipa, uandike jumla yake kwenye daftari. Kama miongoni mwao kuna programu za mikopo za mtandaoni, hakikisha zina leseni, maana mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yasiyo na kibali.

Jambo la pili ni hesabu ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuifanya. Ukiongezwa mshahara kwa shilingi 100,000, yaani ufikie milioni moja, NSSF itachukua 10,000, Bodi ya Mikopo 15,000, na PAYE 22,500, nawe utabaki na 52,500. Kwa hiyo ukipunguza matumizi kwa 52,500 kwa mwezi, umejipa nyongeza ya laki moja bila kumwomba mtu. Mimi nilianza na chakula: nilikuwa nikinunua mchele kilo mojamoja kwenye duka la Mangi mtaani, nikaanza kwenda sokoni Tandale mara moja kwa mwezi na jirani yangu, tunanunua mchele na maharage kwa pamoja na kugawana. Chakula cha mchana ninabeba kwenye hotipoti.

Mpangaji wa Tabata

Ninakubaliana na Mama Leja kuhusu deni la simu, ila ninaona chanzo chake hakijaguswa. Kaka, kodi yako ya nyumba ya miezi sita ni 720,000, na mshahara unaoupokea ni 594,500. Kila baada ya nusu mwaka unadaiwa fedha inayozidi mshahara mzima kwa siku moja, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba baada ya hapo unakopa kwa miezi kadhaa mfululizo. Mimi niliishi hivyo kwa miaka miwili nikidhani tatizo ni vocha na nauli.

Kilichonisaidia ni kujilipisha kodi kila mwezi. Siku mshahara unapoingia, hamisha 120,000 kabla hujanunua hata mkate. Usiiache kwenye simu, kwa sababu fedha iliyo kwenye simu hujibu kila anayepiga. Mimi ninanunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Faida si ya kutajirisha, lakini nikitaka kuuza vipande ninasubiri siku chache za kazi, na siku hizo chache zimeniokoa na maamuzi mengi ya haraka.

Kuhusu kuhamia mjini, nisingekushauri. Tafuta chumba kimoja Kimara, mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi. Utapoteza sebule, lakini utaondokana na daladala ya Kibamba asubuhi na jioni. Kumbuka dalali naye atataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo subiri mkataba wa sasa uishe.

Mkaguzi Mstaafu

Kijana, wenzangu wamezungumzia fedha vizuri, nami nitabaki kwenye kazi. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayosimamia CPA, hufanyika Mei na Novemba, na kosa la vijana wengi ni kujisajili kwa masomo yote ya hatua moja huku wakiwa waajiriwa. Chukua mawili. Mitihani iliyopita pamoja na majibu yake ipo kwenye tovuti ya NBAA bila malipo, na mimi ningeimaliza hiyo kabla ya kulipia darasa lolote la maandalizi.

Kisha mwombe mhasibu mkuu wako akukabidhi ritani, yaani taarifa za kodi za kampuni. PAYE na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) hupelekwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20 kupita. Mtu anayeshika kazi hizo bila kuchelewa kwa mwaka mzima huonekana hata kama ni mpole. Baada ya hapo andika barua ya kuomba mwajiri akulipie ada ya mtihani kwa makubaliano kwamba utabaki kazini kwa muda fulani. Waajiri wengi hawakatai; hawajawahi kuombwa tu.

MkaziWaKibamba

Ninawashukuru sana. Usiku wa jana nimepitia ujumbe wa simu kama Mama Leja alivyoagiza, nikakuta kwa miezi mitatu nimelipa ada na riba za shilingi 83,400. Mkataba wa Kibamba unaisha mwezi wa nane, na nimeshamwomba rafiki aliyeko Kimara Korogwe aniulizie chumba. Nimeamua kufanya masomo mawili Novemba. Linalonisumbua bado ni michango: nina kadi tatu za harusi za watu wa ofisini, na barua ya kuomba ada nitaipeleka kwa mmoja wao.

Mama Leja

Mchangie huyo mmoja kiasi unachokiweza, umpe mkononi kabla ya kikao cha kamati. Wale wawili waambie mapema na kwa heshima kwamba mwaka huu una mitihani, na siku ya shughuli uende kusaidia kupokea wageni. Barua uipeleke wiki nyingine, isikutane na bahasha ya mchango.