Nyumba ya Kukhu

Linet: Wapendwa, mama amekataa samaki tena, nilikaanga ngege mzuri kabisa harufu tu imemfikia akakimbilia choo. Hii ni siku ya tatu tangu awekewe kimo, zile dawa za saratani, na anasema hata maji ni kama analamba msumari

Brian: mlazimishe ata kidogo, mtu atapona aje na tumbo tupu

Senje: Brian wacha hiyo. Mimi nikiwa kwa hizo dawa kilichonimaliza ni watu kunisimamia na sahani. Linet pikia nje, harufu isiingie nyumba. Mpe vitu vimepoa, viazi, uji mwepesi, vijiko vitatu vinne kila saa, wachana na sahani kubwa. Na kijiko kiwe cha plastiki, cha chuma kinazidisha huo msumari

Senje: na tembe ya kuzuia kutapika anameza saa ngapi

Linet: akishatapika

Senje: Aaaah ndio maana!! Inamezwa mapema, soma vile daktari aliandika. Ikikataa kusaidia mpigie nesi, kuna zingine wanaweza badilisha

Khotsa: Kuna mzee huku Luanda ana mizizi ya kusafisha damu, nitume na matatu kesho?

Senje: Shem usitume. Mingine inagongana na dawa, ingine inaumiza ini. Kama lazima, daktari aulizwe kwanza

Linet: Senje kuna kitu naona aibu kusema, ile siku ya kimo mkojo ulikuwa mwekundu

Senje: Aliwekewa ile dawa nyekundu kama juisi?

Linet: eeh

Senje: Basi ni rangi ya dawa 😂 siku moja mbili inaisha, mimi nilipiga nduru nikaamsha ploti nzima. Ikirudi sasa ndio useme hospitali. Na ukiosha matapishi hizi siku za kwanza vaa glavu

Senje: Cha kuogopa ni joto. Ikifika 38, ata kama ni saa nane usiku, msimpe Panadol mkarudi kulala mkingoja kuche, mchukueni mpaka Russia, hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, usiku huo huo. Hii wiki inakuja na ile ya pili ndio askari wa damu wanaisha, kahoma kadogo kanaweza mlaza

Brian: niko kemisti Kondele, nachukua kipimajoto na vijiko

Linet: Na wamama wa kanisa wanakuja Jumamosi, wako 12, wamesema ni kesha

Senje: Kesha gani na mgonjwa anataka kulala. Waje wawili, wakae chini ya mwembe, mwenye kukohoa abaki kwake. Hao wengine wafue mablanketi

Linet: Senje mi siwezi waandikia hivyo 🙈

Senje: nipe namba ya mwenyekiti wao

Linet: 37.1. Amekula viazi mbili na chumvi. Anauliza nani amemnunulia kijiko ya mtoto