Mzee wangu alianza na "kula vizuri", sasa kila mlo ni vita. Hii ni ugonjwa ama?

NyarUgenya_Ksm

Habari zenu watu wangu. Naandika nikiwa Kisumu, watoto wamelala, mzee ako jikoni anaosha sukuma. Si kuosha ya kawaida, ni jani moja moja, kwanza maji ya chumvi, halafu siki, halafu maji ya filta, halafu anaishika mbele ya taa anaangalia kama kuna doa. Fungu ya bob 20 inaeza kula saa nzima.

Mambo ilianza poa kabisa. Baba mkwe alikatwa mguu juu ya sukari, mzee akaogopa, akaacha soda, akapunguza sukari kwa chai, jioni akawa anatembea mpaka Dunga na kurudi. Nilifurahi, hata mimi nilipungua na watu wakaniambia. Lakini haikuishia hapo. Mafuta ya kupikia ikatoka. Nyama ya buchari ikatoka juu ya ile habari ya 2019 ya nyama kuwekwa dawa kwa supamaketi. Unga ya pakiti ikatoka juu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa mahindi, akaanza kununua unga ingine ghali imeandikwa haina gluteni, ile protini ya ngano. Samaki ni mpaka amuone mvuvi mwenyewe akishuka kwa mashua, wa Uchina hata usimtaje. Maziwa ikatoka. Chumvi yetu ya kawaida ilitupwa tukanunua ile ya pinki. Ako na mzani ya jikoni anapimia omena, na simu yake ni vidio za madaktari wa Marekani asubuhi mpaka usiku, na kila wiki hao madaktari wanapata sumu mpya. Saa hii amebaki na nduma, parachichi, mboga ya kuchemsha, hiyo omena kidogo ya kupimwa na wimbi ya mama fulani wa Busia, huyo mama asipokuja sokoni hatulali. Amekonda mpaka mshipi ametoboa shimo mpya na msumari, na akisimama haraka anashika ukuta.

Tulienda matanga ya shangazi yake Ugenya. Mama yake alikuwa amemwekea aliya, ile nyama ya kukaushwa, imetiwa mafuta ya ng'ombe, hiyo ndio chakula alikuwa anaulizia hata kwa simu akiwa chuo. Akatoa kontena ya nduma kwa begi, akaenda kukula peke yake ndani ya gari, vioo imefungwa. Mama hakusema kitu. Wazee wa boma ndio walisema, na walisema mimi ndio nimemkataza chakula ya mamake.

Lakini yenye imenitoa usingizi ni ya kijana yetu wa gredi ya pili. Mwalimu alinipigia simu, mtoto alikataa keki ya bathdei akaambia wenzake ati wakikula watakatwa miguu. Kuna msichana alilia mpaka akatapika.

Nikijaribu kuongea ananiuliza, "Unataka nikatwe kama baba?" Sasa hapo mtu anajibu nini? Naomba majibu ya ukweli, hii ni ugonjwa ama ni mimi sielewi, na kama ni ugonjwa naanzia wapi.

OmeraKondele

Pole nyar Ugenya lakini nimecheka na hiyo ya msumari 😂 Si unampitisha tu hapo hapo Dunga anapotembea, unamketisha mbele ya mbuta ya kukaanga na ugali moto, unamnyang'anya simu, dawa imeisha.

MwalimuMstaafu_Kak

Mimi kwa upande wangu sioni ugonjwa hapa. Kila Jumamosi tunazika mtu wa sukari ama presha, wengine hawajafika miaka 50, halafu mwanaume akiamua kula nduma na mboga mnamuita mgonjwa. Angekuwa anamaliza mshahara kwa chang'aa ungeandika nini? Kuka (babu) wangu alikula wimbi, mrenda na tsisaga maisha yake yote na alizikwa akiwa na meno yake. Mama, shukuru Mungu.

Lishe_Nax

Mimi ni mtu wa lishe, nafanya kazi kwa kituo ya afya huku Nakuru, na watu kama huyu mzee nawaona. Wengi huletwa na bibi ama mama, hawaji wenyewe, juu kwa akili yao wao ndio wazima na sisi wengine ndio tunajiua.

Mwalimu, kwa heshima yako, kuka alikula mrenda akiwa amezungukwa na watu, na Krismasi alikula ingokho (kuku) na hakuna mtu alimuona akiipima. Chakula yenyewe haina shida. Soma tena venye mama ameandika: ile orodha ya chenye mzee anakubali inazidi kupungua kila mwezi, anakula amejificha kwa gari, amekonda, anashika ukuta, na uoga imeshafika kwa mtoto. Hapo ndio mimi naangalia.

Iko na jina, inaitwa othoreksia. Aliyeipa jina ni daktari wa Marekani anaitwa Steven Bratman, mwaka wa 1997, na alianza kwa kuandika juu yake mwenyewe. Kabla awe daktari aliishi na kikundi ya watu wa kula kiasili huko New York, akawa hali mboga kama imetolewa shambani zaidi ya dakika 15, na kila tonge anatafuna mara 50. Kwa hivyo si adui wa mboga aliitunga, ni mtu alikuwa ndani. Mpaka leo haiko kwa kile kitabu madaktari wa akili wanatumia kuandika magonjwa, hata ile toleo ya 2013 iliyorekebishwa 2022, kwa hivyo ukienda hospitali unaeza pata daktari ameandika wasiwasi ama jina ingine kwa faili. Usishtuke, na usikubali kuambiwa hakuna kitu. Inatofautiana na anoreksia juu mwenye anoreksia anaogopa kunenepa, huyu anaogopa uchafu na sumu, hata hajali amekonda. Lakini mwili haujui umenyimwa chakula kwa sababu gani.

Sasa kitu moja muhimu: usimwambie uoga wake ni ujinga. Aflatoksini ni ya kweli, 2004 iliua watu 125 upande wa Ukambani, na 2019 serikali ilisimamisha unga za kampuni tano kwa mpigo. Huku kwetu hata maji ya visima iko na floraidi inaharibu meno ya watoto. Ukimwambia anaota atakuonyesha habari kumi na utashindwa. Shida ni kwamba zile vitu ameamua kufanya hazimlindi. Kuchemsha haitoi aflatoksini, kitu inasaidia ni mahindi kukaushwa vizuri mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 13.5 na kutupa yenye imeshika ukungu. Unga haina gluteni analipia bure, mahindi, mtama na wimbi hazina gluteni toka zamani. Sukuma inatosha kuoshwa vizuri na maji inayotiririka. Chumvi ya dukani Kenya inawekwa iodini kwa sheria, hiyo ya pinki mara nyingi haina, na watoto wako hapo ndani ya nyumba. WHO inasema chini ya gramu 5 kwa siku, haisemi sifuri. Na ile mboga ya kuchemsha bila tone ya mafuta, vitamini A yenye iko ndani mwili unachukua kidogo sana, ndio maana kukhu zetu, yaani kina nyanya, walikuwa wanaweka maziwa ama krimu kwa managu, si ladha peke yake walikuwa wanatafuta. Omena naye anapimwa kwa mzani kama dhahabu wakati ndiye angemsaidia, analiwa mzima na mifupa yake, kalsiamu yote iko hapo.

MwalimuMstaafu_Kak

Sawa daktari, hiyo ya unyevu wa mahindi nimechukua. Lakini bado nasema watu wengi zaidi wanakufa kwa kula vibaya kuliko kwa hii othoreksia yenu.

Lishe_Nax

Mimi si daktari, ni wa lishe tu 🙂 Na hapo tunakubaliana mwalimu, ni wengi zaidi, mbali sana. Lakini hatujaulizwa juu ya hao.

Sabato_Nyamira

Naomba niingilie. Mimi ni Msabato, nyumba yetu nguruwe haingii, mumi hatuli juu hana magamba, na baba yangu nyama aliacha kabisa kabla nizaliwe. Watu husema sisi ndio tuko na hiyo ugonjwa. Lakini baba akienda kwa watu anakaa mezani, anachukua ugali na mboga, anapitisha sahani ya nyama kwa jirani, story inaendelea. Sheria zake ni zile zile tangu nikiwa mtoto, hazijaongezeka hata moja na hazimkoseshi usingizi. Huyu mzee wa Ksm sheria zake zinazaa kila wiki. Hapo ndio mimi naona tofauti, kwa hivyo wale watakuja kusema ni mambo ya dini ama ya kuacha nyama, pole pole.

Dada_Section58

Kwetu ilikuwa sister yangu mdogo, Nakuru hapa. Alianza juu ya chunusi, mtu akamwambia ni maziwa, halafu ngano, halafu sukari, halafu chochote imepitia mashine. Alikuwa anatengeneza vidio za chakula yake na watu wanampongeza, kumbe hedhi ilikuwa imeacha kuja na nywele inatoka kwa mkono akichana. Hakuna mtu alijua juu kwa simu alikuwa anakaa mzima kushinda sisi wote.

Kumlazimisha haikusaidia, mama alimfichia mafuta kwa mboga mara moja, akajua, na akaacha kula chochote hajapika mwenyewe. Kwa hivyo nyar Ugenya TAFADHALI usifiche kitu kwa chakula yake. Kenye ilisaidia ni mshauri nasaha alikuwa anaongea na yeye juu ya uoga, si juu ya chakula, na mtu wa lishe walikuwa wanarudisha kitu moja tu kwa wiki, yeye ndio anachagua. Yai ndio ilikuwa ya kwanza. Tulikaa naye mezani tukiongea mambo ya mpira, tulikuwa tumeambiana hakuna mtu kumuangalia mdomo. Ilichukua muda mrefu na kuna wiki alikuwa anarudi nyuma. Saa hii anakula, mkate bado anaangalia na jicho moja lakini anakula. Na aliacha kufuata wale watu wote wa vidio, hiyo pia usidharau.

OmeraKondele

Sawa nimeshika, nafuta ile ya mbuta. Lakini simu bado ningemnyang'anya.

NyarUgenya_Ksm

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. @Lishe_Nax hiyo ya gluteni imenichoma, unajua hiyo unga tunanunua pesa ngapi?? Nilimuongelesha jana usiku. Ukisema hospitali ya akili anafunga mlango, lakini kupimwa damu amekubali, juu anataka kuona kama sukari ya baba imemfikia. Naomba unisaidie, tukienda Russia, ile hospitali kubwa ya hapa Kisumu, tuitishe nini, na huyu mtoto nimwambie nini?

Lishe_Nax

Hapo kwa kupimwa ndio mlango wako, pita nayo. Itisha sukari ya kabla ya kula na ile ya miezi mitatu, HbA1c, presha, uzito na urefu, damu kama imepungua, na vitamini B12 kama wanaipima, juu B12 inatoka kwa nyama, samaki, mayai na maziwa na yeye karibu zote ameacha. Usisahau kumwambia daktari juu ya kizunguzungu. Akianguka kabla ya hiyo siku usingoje miadi, mpeleke tu kejwalti, pale pa dharura. Omba muone mtu wa lishe siku hiyo hiyo, hospitali kubwa wako nao, na mwambie huyo mtu ukiwa kando, kabla mzee aingie, aulize pia juu ya usingizi na uoga. Kupelekwa kwa kliniki ya akili inaeza toka kwake, haitakuwa imetoka kwako.

Na ikitokea majibu ya sukari ni mazuri, hapo ongea naye juu ya mguu wa baba. Mguu unakatwa baada ya sukari kukaa juu miaka mingi bila kushikwa, mishipa inakufa, kidonda inatokea chini ya mguu mtu hasikii, inaachwa mpaka inaoza. Si kipande ya keki, si aliya ya mamake. Ni kweli yeye ako kwa hatari kuliko mimi juu ni damu yake, kwa hivyo kupima kila mwaka na ile kutembea Dunga aendelee nayo, hiyo alifanya vizuri sana na mwambie hivyo. Hakuna mtu amewahi kumwelezea mguu ulikatwa juu ya nini, nakuapia. Wengi hawaelezewi.

Mtoto mwambie babu alikuwa mgonjwa muda mrefu na keki haikati mtu mguu. Maneno mafupi tu. Kwa nyumba neno sumu lisitajwe juu ya chakula, na hiyo mkubaliane na mzee kabla ya kitu ingine yoyote, juu ataelewa ya mtoto haraka kuliko yake mwenyewe. Mwalimu pia mwelezee, asimlazimishe kula mbele ya wengine. Na huyo kijana mpikie kawaida, na mafuta, na chumvi ya dukani.

NyarUgenya_Ksm

Nimeandika yote kwa karatasi. Tunaenda Jumanne. Na wazee wa Ugenya je, nani atawaambia si mimi 😩

Sabato_Nyamira

Hao mwachie mama mkwe. Mpigie simu umuelezee vile umetuelezea sisi, yeye ndio atajua ataanzia kwa nani.